Mshairi Aliyehesabu Korongo Pamoja Nasi

Wenzangu wa kitengo cha vinamasi, siku mliyoniaga mlinitaka niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya hizo tableti zenu. Nilikubali kwa kudhani ni jambo la kurasa mbili. Kisha Diane akanishika mkono mlangoni akasema, "Mama, usimsahau yule Mmarekani. Watu wanasema ushairi wake aliujifunzia hapa kwetu." Nikamjibu kwamba watu wanasema mengi. Lakini tangu nikae mezani na kalamu, kila nikianza habari nyingine ni yeye anayetangulia. Basi nitaandika habari zake, na kazi mtaiona humo humo.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, nikarudi Kigali nikiwa na cheti cha ualimu na Kiswahili ambacho watu wa hapa walikicheka kwamba ni kirefu mno. Niliomba kazi ya kufundisha. Nikapata ya kuhesabu ndege. Ofisi yetu ilikuwa Gikondo, ghorofani juu ya ghala la zamani, kushoto gereji na kulia kanisa, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuandika ripoti bila nyundo kugongwa upande mmoja na kwaya kufanya mazoezi upande wa pili. Mkuu wetu alikuwa Bwana Gaspari, mtu mfupi, mkimya, aliyesomea Kifaransa na kuokota Kiswahili chake mjini. Siku ya kwanza alinikabidhi darubini yenye ufa katika jicho la kushoto, buti za mpira za kiume, ubao wa kuandikia na kalamu ya risasi. Nikaomba kalamu ya wino.

"Madamu," akasema, "wino iko inalia kama mvua inanyesha. Risasi hailii."

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimelowa mara tatu, na kila nilichoandika kilisomeka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unasoma kimo cha maji kwenye nguzo ya kupimia, kisha unahesabu ndege, hasa korongo wenye taji, wale tunaowaita imisambi. Ugumu ni kwamba korongo akiinama kula hayupo. Nyasi zinamfunika, na ukihesabu haraka unapata nusu yao. Inabidi ungoje, maana baada ya muda kila mmoja ataliinua lile taji la dhahabu atazame pande zote. Ukihesabu wanaoruka utawahesabu mara mbili. Na ukipata idadi uliyoitarajia, hesabu tena.

Kulikuwa na sharti moja ambalo Bwana Gaspari alinitamkia nikiwa nimesimama, kama mtu anayeapishwa. Mahali penye kiota hapatajwi nje ya ofisi. Kila kiota kilikuwa na namba, na orodha ya namba na mahali ilikaa ndani ya kabati lake la chuma. Siku hizo watu wengi walipenda kufuga korongo uani, wakiwakata mabawa wasiruke, na kifaranga akishachukuliwa kwa kawaida ndiyo basi. "Ndege hana mlango," Bwana Gaspari aliniambia. "Mlango yake ni mdomo yetu." Nilikubali kwa kichwa. Nilidhani nimeelewa.

Mtu wa tatu wa kumjua ni Hamisi, dereva. Alikuwa Mwislamu wa Biryogo, babu yake mmoja alitoka pwani na biashara ya vitambaa, na ndugu zake karibu wote walikuwa mafundi cherehani. Aliniita Mama Keza, kwa jina la binti yangu, na aliendesha pikapu yetu kama anabeba mayai, hata siku ambazo hatukuwa na kitu ndani isipokuwa matope.

Miriam, yule Mmarekani wenu, alikuja katika mwaka wangu wa sita, msimu wa mvua ndefu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mrefu, masikio yamebabuka kwa jua, amekuja kujitolea kwa miaka miwili. Kiswahili alikisoma chuoni kwao. Alipanda ngazi zetu akiwa amekwisha kuwaamkia shikamoo vijana wote wa gereji, nao wakamwitikia marahaba kwa furaha kubwa, maana hakuna aliyewahi kuwaamkia hivyo.

"Shikamoo, dada," akaniambia. "Mimi ninaitwa Miriam. Ningependa kufahamu, je, ndege wako mahali gani?"

"Mbali na hizi nyundo," nikamjibu. "Vaa buti."

Nilipewa yeye kwa sababu ya lugha. Njiani tukishuka upande wa Gahanga kuelekea Bugesera alinisimulia maisha yake. Alilelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, katika jimbo la kaskazini lenye baridi. Baada ya chuo akawa mpeleka barua wa posta, akizunguka vijiji na gari katika theluji, na kila aliposimamishwa na treni aliandika mashairi juu ya usukani. Alikuwa akiyatuma kwenye majarida tangu ana miaka kumi na tisa. Yote yalirudi. Vile vikaratasi vya kumkatalia alikuwa navyo mpaka Kigali, ndani ya kopo la biskuti.

"Vya nini sasa?" Hamisi akamwuliza.

"Vinaniambia kuwa ninafanya kazi," akasema Miriam.

Hamisi alinitazama kwenye kioo. Sote wawili tulidhani huyu binti hatamaliza mwezi.

Wiki ya tatu alinipa mashairi yake nisome. Kiingereza changu kilikuwa cha kamusi, kwa hiyo niliyasoma polepole, na pengine hiyo ilisaidia. Kila shairi lilianza na ndege. Kufikia mstari wa nne ndege ameondoka, amebaki Miriam na huzuni yake. Aliponiuliza nimeonaje, nilikuwa nimeshika nguzo ya kupimia, maji yako magotini, sikuwa na nafasi ya adabu.

"Ni mazuri," nikasema. "Lakini ndege anakwenda wapi?"

"Ndege yupi?"

"Wa mwanzo. Anaingia, halafu unamfukuza ukae wewe."

Siku mbili hakunisemesha zaidi ya tarakimu. Ya tatu alirudi kutoka kinamasini na fomu ambayo nafasi ya maelezo, yenye mistari miwili, ilikuwa imejaa mpaka nyuma ya karatasi. Alikuwa ametazama kiota tangu asubuhi, akaandika kila kitu: jike anainuka, jike anageuza mayai kwa mdomo kama mtu anayegeuza viazi vya moto, jike anavuta jani la mafunjo na kuliweka upande wa upepo. Bwana Gaspari alisoma yote, pande zote mbili.

"Mamzeli," akasema, "hapa iko nafasi ya mistari mbili. Wewe umeandika kumi na ine."

"Samahani, bwana."

"Na hii jike. Umejua namna gani kama ni jike?"

Miriam akaisoma fomu upya. Korongo dume na jike wanafanana, na wote wawili huatamia.

"Iko yeye amekuambia?" Bwana Gaspari akauliza, kwa upole kabisa. Kisha akamrudishia fomu pamoja na kifutio.

Nilimwona akikaa kwenye ngazi, akifuta neno "jike" kila lilipo na kuandika "mmoja wao". Ilimchukua muda, kwa sababu kila alipofuta ilibidi asome upya sentensi nzima, na sentensi zilianza kubadilika mkononi mwake. Aliniambia baadaye kwamba ushairi wake ulianzia kwenye ngazi zile, na kifutio kile. Mimi nilijua tu kwamba kuanzia siku hiyo fomu zake zilikuwa fupi, na kwamba Bwana Gaspari alizisoma zote taratibu, kisha akakaa kidogo kabla ya kuzifungia kabatini.

Nataka mwelewe alivyokuwa akitazama. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Nikishapata idadi nilitamani chai. Yeye aliingia majini asubuhi na kusimama. Kulikuwa na kona moja ya kijito, jina lake silitaji na mtaona kwa nini, ambako jozi moja ya korongo ilitaga mwaka ule. Bonde ni refu na kona ni nyingi, kwa hiyo nikisema ni upande wa kusini wa jiji bado sijasema kitu. Siku moja nilimwacha pale, maji kiunoni, nikaenda kusoma nguzo nyingine mbili. Niliporudi saa sita baadaye alikuwa palepale. Buibui alikuwa ametanda uzi kutoka begani kwake mpaka kwenye unyasi. Korongo mmoja alikuwa akila hatua kumi kutoka kwake, ametulia, akimchukulia kama kisiki. Niliona lile koo jekundu, shavu jeupe, na jicho la kijivu likimtazama Miriam bila woga. Miaka sita nilikuwa nimewahesabu ndege hao, na sikuwahi kufikiria kwamba nao wanaweza kumzoea mtu hivyo.

Alipotoka miguu ilikuwa imekufa ganzi, tukamvuta mimi na Hamisi.

"Umeandika?" nikamwuliza.

"Mistari minne."

"Saa sita, mistari minne?"

"Mmoja nitaufuta," akasema, akatabasamu kama aliyeokota kitu.

Katika mistari ile ndimo lilimotoka shairi lake la kwanza la kweli. Lilihusu kona ile, na lilisimama juu ya jina lake. Jina hilo ni la Kinyarwanda, la kale, na maana yake wakulima wa pale hawaifikirii tena. Miriam aliniuliza maana, nikamweleza, akaipanga ndani ya shairi kiasi kwamba ukifika mwisho unaona ndege, maji na jina ni kitu kimoja. Nililisoma nimesimama jikoni kwangu, sufuria ikaungua. Nikaenda chumbani nikalitafsiri kwa Kiswahili bila kuombwa na mtu, kwa jioni nne, na tafsiri ile ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika mimi.

Lilipotumwa kwao, jarida moja kubwa lililikubali. Baada ya miaka saba na kopo zima la vikaratasi! Alisoma barua ile ya kompyuta mara mbili, akaja ofisini amekimbia, na vijana wa gereji wakampigia nyundo za shangwe. Bwana Gaspari alimpa mkono. Shairi lenyewe hakuliona. Hakuomba, na sisi hatukufikiria kumwonyesha.

Sasa nafika pagumu. Redio moja ya hapa mjini ilikuwa na kipindi cha Kiswahili cha Jumapili mchana, na mtangazaji wake alikuwa amesikia kwamba kuna Mmarekani anayeandika juu ya vinamasi vyetu. Akatualika. Miriam akasema tafsiri ni ya dada Konsolata, asome yeye. Nikasoma. Nilisoma vizuri. Mama yangu alinisikia akiwa Kimironko akalia. Na jina la kona nililitamka lote, kwa uzuri wake wote, kwa sababu bila jina hakuna shairi, na kwa sababu nilidhani shairi si ripoti.

Alhamisi ya wiki hiyo tulikwenda kuhesabu. Vifaranga wa ile kona walikuwa wawili, wa wiki tatu hivi, manyoya ya rangi ya mchanga. Tulisikia wazazi kabla ya kuwaona. Korongo ana sauti nzito, kama tarumbeta iliyoingiwa na maji, nao walikuwa wakiita bila kupumzika, wakitembea huku na huku katika nyasi zilizokanyagwa. Kulikuwa na alama za viatu kwenye matope, za watu wawili. Vifaranga hawakuwepo.

Miriam aliingia majini na viatu vyake vya kawaida. Alizunguka kona yote akitafuta, akapekua kila shina la mafunjo. Mimi niliketi ukingoni.

Nilikwenda kwa Bwana Gaspari peke yangu, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu. Nilimweleza redio, shairi na jina. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Soma hiyo shairi," akasema.

Nikamsomea, pale katikati ya nyundo na kwaya. Nilipomaliza akavua miwani akaifuta.

"Iko mzuri," akasema. "Iko mzuri sana. Ndiyo maana wamekuja." Kisha akasema, "Utaandika yote, Madamu, kwa mkono yako. Na jina lako chini. Lakini kesho. Leo tafuta watoto."

Aliyewapata ni Hamisi, au tuseme dada yake Zaina, fundi cherehani katika soko la Kimironko. Hamisi alikuwa amewaambia ndugu zake wote. Jumamosi Zaina akampigia simu. Tulimkuta kwenye cherehani yake, kati ya vitenge, mdomo umejaa pini, akaanza kusema bila kuzitoa.

"Jana kaja bwana mmoja, mtu wa heshima. Anataka nimshonee neti kubwa ya kufunika banda. Nikamwuliza la kuku? Akasema ndiyo, la kuku. Nikamwuliza kimo? Akanionyesha hivi." Akainua mkono juu ya kichwa chake. "Kuku gani huyo, Mama Keza? Nikamwambia neti itakuwa tayari, naileta mwenyewe nyumbani ili nipime vizuri. Akanielekeza."

Tulikwenda wanne, Bwana Gaspari mbele akiwa amevaa tai, pamoja na afisa mmoja wa mtaa tuliyemwomba atusindikize. Nilijitayarisha kukutana na mwizi. Aliyefungua lango alikuwa mfanyabiashara wa makamo, mnyenyekevu, aliyetukaribisha viti kabla ya kutuuliza shida. Bwana Gaspari alipotaja korongo, hakukana. Uso wake ulikunjuka, kama vile amepata wa kuzungumza naye.

"Nilisikiliza redio Jumapili," akasema. "Nilikuwa ndani ya gari, nikasimama kando ya barabara. Sijawahi kusimama kwa sababu ya redio. Yule mama alisoma habari za ndege wale mpaka nikawaona. Nikasema ndani ya moyo, ni lazima niwe nao karibu, niwatazame kila asubuhi. Nikawatuma vijana wawili."

Hakunitambua. Nilikuwa nimekaa mbele yake, mikono mapajani, nikisikia sauti yangu mwenyewe inarudi kutoka kinywani mwa mtu aliyewachukua. Angekuwa katili ningejua la kufanya na hasira yangu. Lakini huyu alikuwa amelisikia shairi vile vile tulivyotaka lisikiwe. Mpaka leo sijui kama niliwahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa nguvu ya maneno yale, sebuleni kwa mtu, na soda mkononi.

"Wako wapi?" Miriam akauliza.

Mmoja alikuwa amekufa siku ya pili. Yule bwana alimzika chini ya mti wa parachichi, akatuonyesha mahali, na macho yake yalikuwa mekundu. Wa pili alikuwa kwenye boksi, hai, na wali na mkate aliowekewa hakuwa ameugusa. Bwana Gaspari alimwinua kwa mikono miwili akamtia ndani ya koti lake. Afisa akabaki na yule bwana kwa mambo ya kisheria. Sisi tukaondoka.

"Wazazi watamkubali?" nikauliza garini.

"Sijui," akasema Bwana Gaspari. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema hivyo kuhusu ndege.

Ilikuwa adhuhuri tulipofika. Korongo wazima walikuwa ng'ambo ya kijito, wamenyamaza, na kunyamaza kwao kulinitisha kuliko kelele za Alhamisi. Bwana Gaspari alivua tai na viatu akaingia majini na kifaranga kifuani. Alimweka kwenye kitanda cha nyasi karibu na kiota, akarudi kinyumenyume bila kugeuka. Tukalala kifudifudi nyuma ya mafunjo, wanne kwa mstari, Hamisi na kanzu yake safi akiwa amelala kwenye matope kama sisi.

Kifaranga hakusogea. Saa ikapita. Mwewe akazunguka juu, Hamisi akawa anamwomba Mungu chini kwa chini kwa Kiarabu, na mimi kwa Kinyarwanda. Kisha kifaranga akainua kichwa akatoa sauti nyembamba, kama filimbi ya mtoto. Moja. Ng'ambo, vichwa viwili vikainuka pamoja. Akatoa ya pili. Mmoja wao akajibu.

Siwezi kuwaeleza kilichofuata kama kilivyokuwa. Walikuja kwa miguu, hawakuruka, wakikanyaga maji polepole, na kila hatua waliita na kila mwito ulijibiwa. Walipomfikia walisimama juu yake, shingo zimeinama, wakamgusa mgongoni kwa ncha ya mdomo, huyu mara moja, yule mara moja. Kifaranga akaingia katikati ya miguu yao. Na ndipo mmoja wao akafungua mabawa, akaruka juu kidogo na kushuka, akainama, akaruka tena, na mwenzake akafuata. Walicheza. Nilikuwa nimewaona korongo wakicheza mara nyingi, na vitabu vinasema ni kwa ajili ya kutafuta mwenzi. Hawa walikuwa wameshapatana miaka mingi. Mimi sina neno la kuweka kwenye nafasi ya maelezo. Nilitazama pembeni nikamwona Bwana Gaspari, mtu wa kifutio, machozi yanachuruzika mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Miriam hakuandika chochote siku ile. Jumatatu alikwenda kwenye duka la intaneti la Kimironko, nami nikamsindikiza. Alikuwa anaandikia lile jarida kuliondoa shairi.

"Badilisha jina tu," nikamwambia. "Weka kona nyingine. Weka jina la kubuni. Huko Marekani nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema. "Na wewe. Dada, jina la uongo litafanya kila kitu humo kiwe uongo."

"Umengoja miaka saba."

"Ndege wale watataga pale mwakani." Akabonyeza, barua ikaenda. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja kama mtoto. Kisha akafuta shairi lenyewe kwenye kompyuta, na jioni ile akachoma karatasi zake. Hakuniuliza kuhusu tafsiri yangu, nami sikumkumbusha.

Yule kifaranga aliruka wiki kumi baadaye. Niliandika ripoti kwa mkono, na jina langu chini. Imo kabatini, isomeni.

Miriam alipomaliza miaka yake miwili alirudi kwao, akarudi kwenye barua na theluji. Kitabu chake cha kwanza kilichelewa sana, mpaka Keza wangu alikuwa ameolewa. Nilikisoma chote kwa siku moja. Ndani yake kuna maji, ndege, mvua, matope, na hakuna jina la mahali hata moja. Naambiwa wasomi wa kwao wanakisifu sana kwa hilo, na kwamba kuna mmoja aliyeeleza kwa kurasa nyingi falsafa ya ukimya ule ilikotoka. Nilicheka peke yangu. Bwana Gaspari alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, la sivyo ningemsomea.

Mwaka huu, mwezi mmoja baada ya kustaafu, nikapata barua pepe kutoka kwa mhariri asiyenijua. Anakusanya kazi zote za mwanzo za Miriam katika kitabu kimoja. Amepata mashairi ya usukani, amepata hata fomu zetu, na katika karatasi za lile jarida amekuta kwamba liliwahi kukubali shairi ambalo halionekani popote. Alimwuliza Miriam. Miriam akamjibu kwamba nakala pekee duniani ni ya Kiswahili, iko kwa Konsolata wa Kigali, na uamuzi ni wa Konsolata. Mhariri aliniandikia kwa adabu nyingi. Alisema ni shairi ambalo wasomaji wana haki nalo.

Karatasi ninayo. Niliisoma tena, na bado ni nzuri, na nakiri kwamba nilitamani. Tafsiri yangu, jina langu, ndani ya kitabu. Nikajiambia kwamba pengine korongo wale hawapo tena. Mnajua jinsi nyumba mpya zilivyoshuka kule kusini. Kama wamehama, jina limebaki kuwa jina tu, halimdhuru mtu.

Nikampigia Hamisi, naye amestaafu, ana kigari chake. Tulikwenda. Pale tulipokuwa tukiegesha pikapu pana maghorofa mawili na duka la vifaa vya ujenzi. Tuliteremka kwa miguu kati ya kuta mpya, magoti yangu yakilalamika, na nilipofika ukingoni niliona kijito kimekuwa chembamba na mafunjo yamepungua nusu. Hakukuwa na ndege. Tulikaa. Hamisi akasema, "Mama Keza, tumeshachelewa, twende." Nami nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga maneno ya barua, nanyi mnisamehe, moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Ndipo nyasi za ng'ambo zikainua taji. Kisha la pili. Walikuwa wameinama muda wote, wakila, mita sitini kutoka kwa mafundi wanaopiga plasta. Nikangoja. Katikati yao kulikuwa na kitu cha rangi ya mchanga, kinatembea.

Niliporudi nyumbani nilimwandikia Miriam maneno mawili tu: "Bado wapo."

Kwao ilikuwa alfajiri, lakini jibu lilikuja kabla chai haijapoa. "Wangapi?"

"Wazima wawili. Kifaranga mmoja, labda wawili. Nilihesabu mara tatu."

Nikamwandikia mhariri kwa heshima zote kwamba shairi lipo, kwamba ni zuri kuliko yote aliyokusanya, na kwamba hatalipata.